Kosa la Tabora, Jeraha la Kariakoo

Mjomba wangu alinipigia simu asubuhi, kabla sijanywa hata chai. Akasema nifike kwake Kariakoo kabla ya adhuhuri, na nije na "ile miwani yako ya mafundi saa". Nikamwamkia, akaitikia marahaba haraka haraka kama mtu anayepokea chenji, akakata.

Nyumba yake ipo Mtaa wa Mafia, moja ya zile nyumba za chini ambazo bado hazijamezwa na maghorofa. Nilimkuta barazani, jicho la kushoto limeshafunikwa na mtoto wa jicho, la kulia linafuata. Mezani alikuwa na leso iliyofungwa fundo. Ndani ya fundo kulikuwa na sarafu ambayo sisi watoto wa ukoo ule tuliijua tangu zamani: hela ishirini ya Mjerumani, ya mwaka 1916. Ilitoka kwa babu yake mjomba, ambaye kwa masimulizi ya nyumbani alibeba mizigo ya Wajerumani kwanza, kisha akakamatwa, akabeba ya Waingereza.

Kisa kilikuwa hiki. Mnunuzi mmoja wa mjini alikuwa ameitazama akasema imepasuka, ni kopo tu, chukua elfu kumi. Wa pili akaja na maneno matamu zaidi. Akasema hiyo ni shaba nyekundu, adimu sana, na huo mpasuko ni kosa la kiwandani, kuna watu Ulaya wanalipa mamilioni. Ila kwanza mzee atoe laki mbili za "kupima". Mjomba alikuwa na laki mbili. Zilikuwa akiba ya upasuaji wa jicho.

"Sasa wewe uliyesoma," akaniambia, "nani muongo?"

Ilibidi nimwambie kwamba wote wawili wamekosea, na kila mmoja kwa namna yake. Kulieleza hilo barazani kulichukua siku nzima, na humu nitahitaji kurasa kadhaa.

Anayeishi Tanzania hahitaji kuelezwa uvumi wa "rupia za Mjerumani". Kila mkoa una mlima ambao Wajerumani walifukia sanduku, na kila mtaa una mtu aliyemjua mtu aliyeuza rupia moja akajenga nyumba. Matapeli wanakula kupitia uvumi huo. Kinachonikera ni kwamba chini ya uongo wote huo kuna historia ya kweli inayosisimua kuliko sanduku lolote, na tunaibeba mdomoni kila siku bila kujua. Tunaposema "sina hela" tunataja sarafu ya Kijerumani. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1890 kutoa pesa za shaba, 64 kwa rupia moja, na neno lenyewe lilitoka Bara Hindi. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikachukua kazi hiyo, ikagawa rupia katika visehemu 100, kila kimoja kikiitwa Heller. Waswahili wakaondoa r ya mwisho, hela ikabaki. Mjerumani ameondoka zaidi ya miaka mia moja sasa, lakini machinga wa Mtaa wa Congo bado anauliza, "Hela unayo?"

Hela za kawaida zilitengenezwa Ujerumani. Zenye herufi ndogo A zilitoka Berlin, zenye J zilitoka Hamburg. Mistari yake imenyooka, mduara ni mduara. Ya mjomba ina T. T ni Tabora.

Vita ilipoanza 1914, manowari za Uingereza zilifunga bahari. Meli ya Kijerumani Königsberg iliteketea delta ya Rufiji Julai 1915. Sarafu mpya hazikuweza kuja, na zilizokuwepo watu walizificha, maana mtu mwenye akili akisikia mizinga hatoi fedha yake nje. Serikali ikachapisha noti za muda hapa hapa nchini. Lakini noti iliyochapishwa vitani na serikali inayorudi nyuma, nani ataiamini? Askari na wapagazi walitaka kitu kinacholia kikianguka juu ya jiwe. Basi serikali ya Gavana Heinrich Schnee, iliyokuwa imehamia bara, ikaamua kufua sarafu katika karakana ya reli Tabora. Reli ya Kati ilikuwa imefika mji huo mwaka 1912, kwa hiyo mafundi, moto na mashine vilikuwepo. Shaba walikusanya kila ilikopatikana, hata kwenye maganda ya risasi na mizinga iliyokwisha kulipuliwa.

Walitoa za aina tatu. Hela tano, chache. Hela ishirini, zaidi ya milioni moja, nyingi zikiwa za shaba ya njano na nyingine za shaba nyekundu. Na rupia 15 za dhahabu, kama elfu 16 hivi, zenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Dhahabu yake ilichimbwa Sekenke, upande wa Singida. Vitabu vya sarafu nilivyosoma vinasema mhuri wa tembo ulichongwa na sonara wa Kisinhala. Hiyo ya tembo ndiyo inayouzwa mamilioni. Naamini uvumi wote wa rupia za Mjerumani una mbegu yake pale, ila mbegu ikishafika mtaani kila kipande cha shaba kinaota mkonga.

Tarehe 4 Septemba 1916 Waingereza wakaingia Dar es Salaam. Tarehe 19 mwezi huo huo Wabelgiji wakaingia Tabora, na kazi ya karakana ikaisha. Huku mjini, uwanja ambao Wajerumani walikuwa wameutenga kwa soko ukageuka kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na ulimi wetu ukaufanya Kariakoo. Yaani mjomba amekaa na sarafu ya vita ile ile iliyompa mtaa wake jina, mita chache kutoka soko la Beda Amuli, lile lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Hayo baadaye. Mpasuko."

Haya, mpasuko.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kulipa. Miaka kadhaa iliyopita, karibu na Mnazi Mmoja, kijana mmoja alikuwa ametandaza sarafu kuukuu juu ya turubai. Akanichagulia shilingi moja ya mwaka 1966, zile za kwanza za Benki Kuu, Mwalimu upande mmoja na mwenge upande wa pili. "Braza, hii siyo ya kawaida. Cheki, imepigwa mara mbili kiwandani." Kweli, juu ya shavu la Mwalimu kulikuwa na alama za mwenge, zimepinduka kama zinavyoonekana kwenye kioo. Nikatoa elfu kumi na tano. Nilitembea nayo wiki nzima nikijiona tajiri, mpaka mzee mmoja fundi wa vyuma Gerezani alipoiangalia akacheka. Akachukua shilingi mbili nyingine, akazibana pamoja kwenye jiliwa, akakaza, akafungua. Akanipa moja. Shavuni mwa Mwalimu, mwenge.

Somo lake sijalisahau. Ukibana sarafu mbili, picha ya moja inazama ndani ya nyingine ikiwa imegeuka, na upande wa nyuma unabaki bapa pale ulipoegemea taya la jiliwa. Kosa la kweli la namna hiyo lipo: sarafu iliyokwisha kupigwa hunasa kwenye mhuri, halafu kisahani kinachofuata kinapigwa dhidi yake badala ya mhuri. Lakini hapo picha iliyogeuka hujaza uso wote, wala haiwi kovu moja juu ya picha nzima. Ukiona kovu juu ya picha iliyokamilika, jiulize kwanza nani ana jiliwa.

Kanuni inayobeba nyingine zote ni moja: uliza kitu kilitokea kabla ya mhuri kushuka, wakati unashuka, au baada ya hapo. Sarafu huanza kama kisahani kitupu. Kisahani kinaweza kuwa na kasoro tangu mwanzo, kimekatwa vibaya, kimekuwa chembamba, tundu limekaa pembeni. Kisha mihuri miwili inakibana, na hapo pia mambo huharibika: kisahani kimekaa upande, mhuri umepasuka, uzi au kipande cha chuma kimeingia katikati. Baada ya hapo sarafu imezaliwa. Yote yatakayoipata tangu mlangoni mwa kiwanda ni majeraha, hata yakipendeza vipi.

Chukua sarafu yenye pengo ukingoni. Mtu akiikata kwa msumeno au tupa, herufi zilizo jirani na pengo zinaishia ghafla, kali, kama mkate uliokatwa kwa kisu. Pengo likiwa la kiwandani, yaani kisahani kilikatwa juu ya shimo la kisahani kilichotangulia, herufi za jirani hunyong'onyea, zinavutika kuelekea pengo, kwa sababu chuma kilipobanwa kilitafuta pa kwenda. Na mara nyingi ukingo wa upande wa pili kabisa, ulio mkabala na pengo, nao unakuwa hafifu. Tapeli mwenye tupa huwa hakumbuki upande wa pili.

Au tundu. Senti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, zile ambazo bibi zetu walizitunga kwenye kamba, zina tundu katikati, nalo lilitobolewa kabla ya mhuri. Tundu lililokekwa baadaye lina kingo kali na mikwaruzo ya mviringo ndani yake, na halijali limepita juu ya herufi gani. Isiyo na tundu kabisa ni kosa linalojulikana duniani, Wajapani wanalo kwenye yeni zao, lakini ya kuzibwa nayo ipo: tafuta mshono, kisha pima uzito. (Kuna senti za 1936 watu wanazishangaa wakidhani ni kosa kwa sababu zina jina la Edward wa Nane, mfalme aliyejiuzulu kabla hata ya kuvikwa taji. Si kosa. Sarafu yenye tundu haina pa kuweka kichwa cha mfalme, jina tu linatosha, na zilishatoka.)

Sasa nikaweka lenzi jichoni na kuinamia hela ya mjomba. Upande mmoja una taji, chini yake D.O.A., 1916 na T. Upande mwingine 20 HELLER na matawi. "Mpasuko" ulianza ukingoni, ukapita kando ya taji, ukashuka kuelekea herufi. Kwa jicho tupu ni mstari mweusi, na mtu yeyote angesema chuma kimepasuka. Nikaupitisha ukucha. Ukucha ukakwama. Nikaigeuza sarafu kwenye mwanga wa mlango ili kivuli kiangukie upande wa pili, kivuli nacho kikahama.

Mstari ulikuwa umeinuka.

Hapo mnunuzi wa kwanza akawa ameshindwa. Sarafu ikikwaruzwa au ikipasuka, mstari huzama. Mstari wa kuinuka hauwezi kuchorwa juu ya sarafu iliyokwisha kupigwa, labda uongeze chuma. Unatokea pale mhuri wenyewe unapopata ufa, na shaba ikibanwa inajaa ndani ya ufa huo. Kilichopasuka kilikuwa chuma cha Tabora. Weusi niliouona ulikuwa uchafu wa miaka mia umejibanza pembeni ya tuta. Mihuri ile haikutengenezwa Berlin na watu wenye muda. Ilichongwa kwa mkono, karakana ya reli, adui yuko njiani, na kila mmoja ulilazimishwa kupiga maelfu. Hata ilipoanza kufa iliendelea kupigishwa kazi.

Kuchongwa kwa mkono ndiko pia kunakoleta aina. Kwenye hela ishirini za Tabora kuna taji kubwa na taji dogo, kuna L za HELLER zenye ncha iliyojikunja na zenye ncha iliyochongoka. Wauzaji wengine huziita hizo nazo makosa. Mimi sikubali. Mchongaji alichonga mhuri mwingine na mkono wake ukaenda tofauti. Hiyo ni aina, kama vile mwandiko wako wa Jumatatu na wa Ijumaa. Kosa ni pale kilichokusudiwa kinaposhindikana. Nakiri kwamba kwa Tabora mpaka huo ni mwembamba, kwa sababu mahali penyewe palikuwa pa dharura na uzito wa sarafu hautulii kutoka moja hadi nyingine. Lakini mpaka upo.

"Kwa hiyo ni kosa la kiwandani," mjomba akasema. Sauti yake ilikuwa imepanda.

"Ni kosa la kiwandani, mjomba."

"Na ni shaba nyekundu."

Hapo nikanyamaza. Sarafu ilikuwa kweli na wekundu, hasa katikati, wekundu wa waridi uliofifia. Na nilijua ulikotoka.

Nilikuwa na miaka tisa au kumi, mkesha wa Idi, nyumba nzima inasuguliwa. Nikaikuta hela ndani ya kopo la vifungo, nyeusi tii, nikaona na yenyewe ipate Idi. Nikaitia kwenye kikombe cha maji ya limao, nikaisahau usiku kucha, asubuhi nikaisugua kwa jivu. Ilitoka inang'aa, nikasifiwa. Shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Tindikali ikikaa juu yake kwa muda, zinki ya usoni inatoka na uso unabaki na wekundu. Aliyemwambia mjomba kwamba ana shaba nyekundu adimu alikuwa anaangalia limao langu.

Ningeweza kumwambia hapo hapo. Nikasema kwanza twende kwa sonara.

Sonara yupo mitaa miwili mbele, kijana mpole, ana mizani ya dhahabu inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Tukaipima kavu: gramu 11.42. Kisha tukaweka glasi ya maji juu ya mizani, tukaisoma sifuri, tukaifunga sarafu kwa uzi mwembamba na kuining'iniza ndani ya maji bila kugusa glasi. Mizani ikasoma 1.35. Kilichosomeka hapo ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Ukigawa 11.42 kwa 1.35 unapata 8.46 hivi. Shaba nyekundu tupu ni karibu 8.96, ingekuwa hiyo, mizani ingesoma kama 1.27. Sonara hakuhitaji hesabu yangu. Aliigeuza ukingoni, pale palipolika kwa kushikwashikwa, akasema, "Hii njano, mzee. Ona hapa."

Mjomba hakuona, kwa sababu ya jicho. Aliamini tu.

Tukarudi barazani. Nikamweleza yote. Kwamba ufa ni wa kweli na ni wa Tabora, lakini mihuri ya Tabora iliyopata nyufa si michache, na mkusanyaji ataongeza kidogo tu kwa ajili yake. Kwamba hela ishirini za njano zipo nyingi duniani na bei yake haifiki hata karibu na laki mbili alizotaka kutoa. Kwamba wekundu ule ni wangu, na kwamba uso uliosuguliwa ni jambo la kwanza mkusanyaji analoliona na la mwisho analolisamehe. Ule ukungu wa kahawia na weusi ambao mimi niliuita uchafu ndio waliokuwa wakiutafuta. Nilimwomba radhi. Ilikuwa radhi ya ajabu, ya mtu mzima kwa kosa la mtoto, lakini ilikuwa inanikaa kooni tangu nilipoiona sarafu imelala juu ya leso.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia: ule mstari, babu yake aliuona?

Nikamwambia aliuona. Sarafu ilikuwa nao siku aliyopewa.

"Basi huo usiuguse," akasema, akaifunga leso yake.

Laki mbili zilienda zilikopangiwa, na ukoo ukachangia zilizobaki. Mnunuzi wa pili alipiga simu mara tatu, mara ya nne mjomba akampa mkewe simu, hakupiga tena.

Mimi nilibaki na picha nilizopiga kwa lenzi. Kwa miezi kadhaa nikawa nafungua katalogi za minada kila nikipata muda, natafuta taji la namna ile na L za namna ile. Mhuri mmoja hupiga sarafu nyingi, na ufa wake haurudi nyuma, hurefuka tu. Niliipata moja, iliyouzwa Ujerumani, nyeusi vizuri, haijawahi kuonja limao. Ufa ulikuwa pale pale, kando ya taji, umepinda vile vile kwenye kona, ila ulikuwa mfupi. Uliishia kabla ya D. Wa kwetu unapita D na kugusa O.

Nikamtumia mjomba picha zote mbili. Jicho la kushoto lilikuwa limeshatolewa bandeji wakati huo. Alijibu kwa sauti, kama kawaida yake, hapendi kuandika: anaziona zote mbili, na anataka kujua ya kwetu ilichelewa kwa siku ngapi.